Mpangaji Aliyetafsiri Maoni ya Mwenye Nyumba

Wageni wa serikali walipokuja mji wetu wa Arua, kaskazini mwa Uganda, kusikia maoni ya watu juu ya nyumba za bei nafuu, mwenye nyumba wangu ndiye aliyenipendekeza niwe mkalimani. Mimi ni mwanamke fundi cherehani, si mtu wa mikutano. Lakini baba yangu alikuwa askari, nikakulia kambini, ambako mtoto hujifunza Kiswahili kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Kiingereza nilikipata shuleni.

"Huyu anajua kusema," aliwaambia viongozi wa mtaa. Sikuweza kumkatalia. Alikuwa mjane wa Kiislamu, mwenye safu ya vyumba vya kupanga pale Mvara, na mtaa mzima ulimwita Hajati. Nilikaa katika kimojawapo na binti zangu tangu ndoa yangu ilipovunjika. Jirani akikohoa, sisi tuliamka. Mvua ikinyesha tulipika ndani, tukala huku macho yanatiririka kwa moshi.

Wageni walieleza kwamba serikali inafikiria kulipa sehemu ya gharama za simenti na mabati kwa watu wa kipato kidogo, nao wamalizie wenyewe. Lilikuwa wazo tu. Hata hivyo, nilipokuwa nikiligeuza kwa Kiswahili, nilisikia sauti yangu ikichangamka.

Mkulima mmoja wa Kuluba, aliyekuwa mjini kuuza mbegu za simsim, alisimama kwanza. "Sisi nafyatua matofali na mikono yetu, naezeka na nyasi," alisema. "Kwa nini kodi yetu ijengee watu ya mji?"

Mwendesha boda akadakia kuwa hiyo simenti itaishia kwa wakubwa, na wengi wakatikisa vichwa kumuunga mkono.

Kisha Hajati akasimama, akarekebisha mtandio wake. "Bwana yangu alikufa, mimi nauza maandazi, najenga chumba moja, moja. Serikali haikunipa hata musumari. Leo mukiwapa wapangaji yangu nyumba, mimi nakula nini? Munisaidie kwanza mimi, nitengeneze hizi vyumba."

Ilibidi niwaambie wageni hayo kwa Kiingereza. Niliyasema yote, na kila neno lilikuwa la kweli. Nilikuwa nimemwona akikanda unga alfajiri, mgongo ukimuuma. Lakini mpangaji aliyekuwa akizungumziwa nilikuwa mimi.

Mgeni mmoja, mwanamke wa makamo, akanigeukia. "Na wewe mkalimani, unaonaje?"

Nikajibu kuwa mimi ni mpangaji, na kama serikali ingesaidia, ningejenga. Halafu, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi niliyoitiwa, nikayarudia kwa Kiswahili mbele ya Hajati. Alikuwa akitazama mikono yake.

"Una kiwanja?" mgeni akauliza. "Mpango huu utamfaa mwenye kiwanja."

Nikasema marehemu baba aliacha ardhi kwetu Koboko.

Tulirudi Mvara kwa miguu, mimi na Hajati. Karibu na nyumbani ndipo akasema, "Si vibaya kutaka nyumba. Lakini ungeniambia mimi kabla ya kuambia mukutano."

"Kabla ya leo hakuna aliyeniuliza, Hajati."

"Hata mimi sikukuuliza," akasema, akaingia kwake.

Jumapili nikapanda gari kwenda Koboko. Baba mdogo, ambaye ndiye msimamizi wa ardhi yetu, alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, wewe ulitoka hapa bibi harusi. Kiwanja chako iko kwa bwana yako."

"Ameoa mwingine, Baba."

"Basi rudi ulale kwa mama yako. Kulala, nani atakukataza? Lakini ukijenga nyumba ya simenti, kesho watoto wako watasema hapa ni kwao. Na hao ni watoto ya ukoo ingine."

Nilimfuata mama jikoni. Alikuwa akichagua maharage, hakuinua uso. "Usigombane naye," alisema. "Mimi mwenyewe nakaa hapa kwa sababu nilizaa kaka zako." Nilitamani aseme zaidi. Alinisogezea ungo, nikachagua maharage pamoja naye mpaka gari la jioni lilipopiga honi barabarani.

Niliporudi Mvara nilimkuta Hajati uani akianua nguo. Akauliza, "Walikupa kiwanja?"

"Hapana."

Akakunja shuka, akalibana kwapani. "Basi kaa."

Lilikuwa neno la huruma, najua. Usiku ule nililala nikilisikia kama ufunguo unaogeuzwa nje ya mlango.

Wale wageni hawajarudi. Redioni watu bado wanapiga simu: mmoja anasema serikali ijenge, mwingine anasema watu wafanye kazi wajenge wenyewe, na ninapowasikiliza kila mmoja naona ana haki yake. Juzi mteja kutoka Ediofe, nikiwa nampima gauni la harusi ya dada yake, aliniuliza mimi niko upande gani. Nikamwambia nataka serikali isaidie.

"Una mahali pa kujenga?" akauliza.

Nikamwomba ainue mkono, nikaendelea kumpima.