Kesi ya Karata kwa Wazee wa Ndiva

Eliufoo Mbwambo wa Mamba, milimani juu ya Same, ni mtu wa haki yake. Ndivyo wanavyomtaja watu wa kule, bila kumsifu wala kumlaumu, kama vile ungesema fulani ni mrefu au fulani ana kigugumizi. Mwaka mmoja aligombania mgrevilea uliosimama mpakani kwake na kwa jirani. Alishuka Same kufuata kesi hiyo mpaka kondakta akawa anamwuliza kabla hajakaa, "Mzee, leo wamekuita tena?" Mwishowe akashinda. Wakati huo mti ulishaangushwa na upepo na jirani alishaupasua kuni, lakini hukumu ni hukumu. Eliufoo akaenda na kamba, akafunga zile kuni zilizobaki, akazibeba mchana kweupe watu wakiona.

Ukiacha hilo, hana makuu. Analima tangawizi kama wenzake, anakwenda kanisani, makande akipewa anakula na yakichelewa anangoja. Mkewe ni Agape, mwanamke asiyeongea sana. Binti yao Eliaichi ameolewa Arusha, na ndiye aliyewaletea kishikwambi, ili wazee wawe wanamwona mjukuu usoni badala ya kumsikia tu akilia kwenye simu.

Shida ni kwamba nyumbani kwao mtandao haushiki. Unashika juu kidogo, ukingoni mwa ndiva. Ndiva yenyewe ni bwawa la udongo na mawe walilochimba mababu. Maji ya kijito yanajaa humo usiku, asubuhi yanafunguliwa yateremke mferejini, na kila nyumba inapata kwa zamu yake. Mwenye kungoja zamu hana la kufanya ila kukaa kwenye jiwe na kutazama bonde. Eliufoo alikaa, akatazama bonde miaka mingi. Kisha akawa anatazama kishikwambi.

Poka aliifahamu kwa Salehe, mwenye duka la simu karibu na stendi ya Same. Siku hiyo Eliufoo alikuwa ameshusha magunia yake ya tangawizi, akaingia dukani kutengenezewa chaji. Salehe akamwonyesha meza ya karata inayochezwa na watu wasioonana. Kila mmoja anapewa karata mbili za siri. Katikati zinafunuliwa tano za wote, kidogo kidogo, na kila zinapofunuliwa watu wanaongeza dau au wanatupa karata zao na kutoka. Mwenye karata nzuri anakomba fungu. Na hata mwenye karata mbovu anaweza kulikomba, akiweka dau kubwa wenzake wakaogopa.

"Maana yake mtu anaweza kudanganya na akapewa?" Eliufoo aliuliza.

"Ndiyo utamu wake, mzee wangu."

"Na hakuna wa kumwuliza?"

"Wa kumwuliza ni wewe. Unalipa dau lake, anafunua, unaona."

Hapo ndipo Salehe alipomkamata bila kujua. Wengine wanauingia mchezo ule kwa tamaa ya fedha. Eliufoo aliuingia kwa sababu ya hilo la kulipa na kuona. Hakuweza kumwachia mwongo aondoke. Mtu akiweka dau kubwa huko aliko, Mbeya au nchi gani sijui, Eliufoo kwenye jiwe lake alisema kwa sauti, "Hebu tuone," na akalipa. Mara nyingi aliona, na alichokiona kilimlia fedha. Lakini siku alipomfumania mwongo, basi hata kama fungu lilikuwa dogo la kununulia sukari tu, alishuka nyumbani akipiga mluzi.

Agape alijua kuna karata. Kwamba kuna fedha, hakujua. Aliwahi kumwuliza, "Baba Eliaichi, hivyo vinakupa nini?" Akajibiwa, "Vinachangamsha akili."

Basi, mwaka huo mbegu ya tangawizi ilikuwa adimu. Ugonjwa wa kuoza ulikuwa umepita kwenye mashamba ya watu, la kwao bondeni likiwamo, ikabidi mbegu inunuliwe. Agape aliuza ndama, fedha akaiweka kwenye simu ya mumewe, kwa kuwa yeye ndiye angekwenda kuwaona wenye mbegu. Alimwambia wazi: mvua zikianza bila mbegu, bonde litalala, na sisi tutalala nalo. Shamba lile ndilo lililokuwa likiibeba nyumba yao, chumvi, michango, matibabu na yote. Eliufoo aliitikia. Hakuwa na nia mbaya. Wenye mbegu walisema njoo wiki ijayo, na wiki ni ndefu kwa mtu anayengoja zamu ya maji na fedha iko mfukoni.

Asubuhi ile alikuwa kwenye jiwe. Mezani alikuwapo mchezaji aliyejiita Mwewe, ambaye tangu walipoanza alikuwa anatisha watu kwa madau makubwa na kukomba mafungu bila kufunua kitu. Eliufoo alikuwa na hasira naye ya kimya kimya, ile hasira ya mpakani. Kisha zikamjia karata mbili za kopa, na katikati zikafunuliwa kopa nyingine tatu. Tano zote kopa, karata zisizoshindwa kirahisi. Mwewe akaongeza dau. Eliufoo akalipa. Mwewe akaongeza tena, safari hii dau la kumfukuza mtu.

"Hebu tuone," Eliufoo alisema.

Aliingia kwenye simu, akaihamishia fedha ya ndama mezani, yote. Ikabaki kubonyeza mahali pa kulipa.

Ukungu wa Mamba hauombi ruhusa. Ulishuka kutoka msituni, ukafunika ndiva, ukamfunika na yeye, na mtandao ukakatika. Alisimama juu ya jiwe. Alikinyanyua kishikwambi kama mtu anayewaonyesha waumini mtoto wa kubatizwa. Hata ukungu ulipopasuka, kioo kilikuwa na maneno machache tu: muda wake ulikwisha, karata zake zimetupwa. Fungu lilikwenda kwa Mwewe, na yale madau yaliyotangulia humo humo. Fedha ya ndama ilibaki mezani, na siku zilizofuata aliimaliza yote akimtafuta Mwewe meza hadi meza, ili walau amwone.

Mtu mwingine angesema bahati mbaya. Eliufoo hakuiona bahati hapo, aliona zamu. Pale ndivani kuna sheria inayojulikana hata na watoto: mfereji ukibomoka maji yakiwa ya zamu yako, zamu haijapotea. Watu wanaziba, na kipande kilichobaki unarudishiwa. Na anayechukua maji kwa kuwa mfereji wa mwenzake umebomoka, ananyang'anywa zamu yake inayofuata. Sasa mtandao ni nini kama si mfereji?

Akaiandikia kampuni ya mchezo, akaieleza hayo kwa kirefu, pamoja na jina la ndiva na la kijito. Akajibiwa asante kwa kuwasiliana nasi. Akashuka Same.

"Shikamoo, mzee," Salehe alisema.

"Marahaba. Nataka anwani ya Mwewe."

Salehe alipoelezwa alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Mzee Mbwambo, hiyo imeshakwenda."

"Imekwenda wapi? Wewe ndiwe uliyenipeleka kule."

"Nilikuonyesha mlango tu. Nyie wa milimani bwana! Sasa utampelekea samansi kwa bodaboda gani?"

"Kwani hana mjumbe wa mtaa huko anakokaa?"

"Nenda tu ukawashtaki kwa wazee wenu wa maji," Salehe alisema, akageukia mteja mwingine.

Alisema kwa utani. Eliufoo alipanda gari la kurudi akiliwaza neno hilo, na hakuona kosa ndani yake.

Kamati ya ndiva inakutana ukingoni pale pale, siku ya msaragambo, kazi ya pamoja, watu wakishamaliza kuzoa tope mferejini. Mwenyekiti alikuwa Melkizedeki, mzee aliyependa mambo yaishe akale. Pembeni yake alikaa Asteria, mama aliyewahi kuwa muuguzi huko Gonja, na ambaye bado aliuliza maswali kama anayetafuta panapouma. Wengine walikuwa wamesimama na majembe yao, na Agape miongoni mwao, matope magotini. Eliufoo hakumwona, au alimwona akadhani kesi ni kubwa kuliko hilo.

Akaeleza. Alieleza vizuri, maana amezoea. Alipofika kwenye fedha ya ndama sauti yake haikubadilika. Majembe ndiyo yaliyoacha kugongana.

"Mdaiwa yuko wapi?" Melkizedeki aliuliza.

"Hajulikani."

"Anaitwa nani?"

"Mwewe."

"Tunao wengi hapa," alisema Paschal, ambaye shamba lake liko mkiani kabisa mwa mfereji. "Juzi mmoja amebeba kifaranga changu. Na mimi niandikiwe."

Watu wakacheka. Melkizedeki akapunga mkono wanyamaze. "Mbwambo, unataka kamati ikufanyie nini?"

"Iseme tu. Iseme kwamba sheria ya zamu inafika mpaka kule. Kwamba aliyekatikiwa anarudishiwa, na aliyechukua anahukumiwa. Mengine nitayafuata mwenyewe."

Wazee wakanong'onezana. Hoja yenyewe haikuwa mbaya, na wazee wa maji wanapenda kusikia kwamba sheria yao inafika mbali. Melkizedeki akatikisa kichwa kukubali. "Kwa hilo hatuna ubishi. Zamu ni zamu."

"Ngoja kwanza," alisema Asteria. "Baba Eliaichi, umecheza muda mrefu?"

"Tangu kiangazi."

"Na katika muda huo wote, hakuna mwenzako aliyekatikiwa na wewe ukiwa mezani?"

Mtu wa kule anaweza kuongeza chumvi sokoni, hata barazani, lakini kwenye ndiva hadanganyi habari za maji, na Eliufoo mwenyewe ndiye aliyekwisha kusema kwamba haya ni maji.

"Yuko mmoja," alisema. "Alijiita Dada wa Kahama. Alikuwa anaongoza. Akapotea ghafla."

"Fungu?"

"Lilikuja kwangu."

"Ukamrudishia?"

"Ningempatia wapi, mama?"

"Si ungemwuliza Mwewe!" Paschal alisema, na safari hii hata Melkizedeki alicheka.

Asteria peke yake hakucheka. "Ulijisikiaje siku ile?"

"Nilifurahi," Eliufoo alisema. Akafikiri kidogo, akaongeza, "Nilinunua mafuta ya taa na mkate."

Hawakukaa sana baada ya hapo. Melkizedeki alisema kesi ya Mwewe itabaki wazi mpaka atakapofika mwenyewe hapo ukingoni. Lakini sheria, kwa kuwa mlalamikaji ameiomba na kamati imeikubali, inafika mpaka kule, na aliyechukua zamu ya mwenziwe yuko hapa amesimama na amekiri. Zamu ya Eliufoo inayofuata itachukuliwa na kupelekwa mkiani, kwa Paschal.

"Una la kusema?"

Eliufoo aliangalia maji. "Hukumu ni sawa," alisema.

Na ajabu ni kwamba aliona ni sawa kweli. Waliokuwapo wanasema alikuwa na uso wa mtu aliyeshinda.

Agape alimngoja watu walipotawanyika. Alikuwa anakwangua tope kwenye jembe kwa kijiti, polepole, mpaka chuma kikaonekana.

"Kwa hiyo mbegu hakuna," alisema.

"Umesikia walivyosema, mama Eliaichi? Wamekubali kwamba inafika mpaka kule."

"Nimesikia. Nauliza mbegu."

"Mbegu hakuna."

"Haya. Kesi yako tutaipanda kwa mistari au kwa kutupa?"

Hakusubiri jibu. Alichukua kishikwambi kwenye mkono wa mumewe, akakifunga ndani ya khanga, akashuka, lakini si kwa njia ya nyumbani. Alipita njia ya kwa Vitus, mtu ambaye mbegu yake ilinusurika na ugonjwa na ambaye hakuwa na ardhi ya kutosha kuipanda yote.

Walielewana bila kelele. Vitus atoe mbegu, wao watoe bonde na jasho, mavuno yagawanywe nusu kwa nusu. Agape alizungumza hayo akiwa amesimama mlangoni, akakataa chai, akasema watu wengine wana shamba na maji na bado wanakwenda kukodi hewa kwenye mtandao. Vitus alijibu kwamba hata nusu ya tangawizi ni tangawizi. Agape aliporudi nyumbani akamwambia mumewe siku ya kuanza kupanda, basi. Hakumwuliza kama anakubali.

Mvua ya kwanza ilikuta zamu ya Eliufoo ikiwa mkiani kwa Paschal, hivyo adhabu ile haikuwa na uzito sana kwa pande zote mbili. Bonde lilichimbwa. Vitus alikuja na magunia yake, akakaa kwenye tuta, akawa anawakatia vipande na kuangalia kila kipande kina jicho. Eliufoo aliinama na kupanda katika shamba la baba yake mbegu ambayo nusu ya mavuno yake si yake.

"Zidisha nafasi kidogo, Mbwambo," Vitus alisema.

"Hapa tumezoea shibiri moja."

"Mbegu ni yangu."

Eliufoo akanyanyuka, akanyoosha mgongo. Alimtazama Vitus, akautazama mpaka wa shamba toka mwanzo hadi mwisho. Agape, mistari miwili mbele, aliacha jembe hewani akisikiliza.

"Nusu," Eliufoo alisema.

Akainama tena, akazidisha nafasi.