Ujumbe Uliosubiri Paa la Humphrey

Felista wa Ikombe, kijiji cha wafinyanzi kando ya ziwa, alijua kufinyanga kabla hajajua kusoma. Kabla ya hapo alifundishwa kupokea wito. Enzi zile mtu akizidiwa, jirani alipanda mwambani akapaza sauti kuelekea Matema, kwenye hospitali. Aliyesikia aliacha chungu, mikono ingali na udongo, akapanda mwamba wake na kuupeleka mbele. Kuuliza mgonjwa ni wa nani kulikuja baadaye, wito ukiwa umeshafika.

Kisha wakaja vijana wa mradi na visanduku vya kufunga juu ya mapaa, maana mlima unaziba mnara wa simu. Kila kisanduku kingedaka ujumbe na kukirushia cha jirani, paa kwa paa, hadi Matema kwenye mtandao.

"Na mtu akizima chake?" aliuliza Felista.

"Usijali, bibi. Ujumbe unajitafutia njia nyingine."

Watu wakapiga makofi. Njia za kwenda miambani zikaota vichaka.

Alasiri moja bintiye Asifiwe alijifungua, kisha damu ikakataa kukoma. Ziwa lilikuwa limechafuka, mtumbwi usingethubutu. Ni boti ya hospitali tu ingeweza. Felista akaandika ujumbe wa kuiita. Simu ikaonyesha: *Inatafuta njia*. Akatazama, akatazama tena. Ilikuwa bado inatafuta. Akamwachia mgonjwa jirani yake Lucy, akatoka mbio peku.

Kwa jirani mwingine, Anyisile, hakusalimia. "Baba Tumaini, kisanduku chako!"

"Nimekizima, mama. Kinakula betri ya sola, na mpira ndio unaanza. Usihofu, ujumbe utapitia kwa Humphrey."

"Kiwashe!"

Akakiwasha. *Inatafuta njia*.

Akakimbia kuelekea rasini. Palipo na mwamba wa zamani alipasua kichaka, akapanda, akaita kwa sauti aliyofundishwa na mama yake. Upepo ukaimeza. Chini ufukweni kijana mmoja akacheka: "Bibi, si una simu?"

Nyumba ya Humphrey iko peke yake kwenye rasi. Hakuna paa jingine linaloona pande zote mbili, Ikombe na Matema. Mlangoni friji ya soda ilikuwa ikinguruma.

"Ndaga, mama Asifiwe! Karibu soda ya baridi."

"Kisanduku, Humphrey. Mwanangu anakwisha."

Tabasamu likamtoka. "Nilikichomoa kwa ajili ya friji. Si walisema ujumbe unajitafutia njia? Nilijua unapitia kwa Anyisile."

"Anyisile naye alijua unapitia kwako."

Akaichomoa friji, akachomeka kisanduku. Taa ya kijani ikawaka. Ujumbe ukaondoka, na jibu la Matema likaja papo hapo: *Boti inatoka sasa*. Felista akaegemea ukuta, akafunga macho.

Simu ikalia tena. Ulikuwa ujumbe wa Lucy, uliokwama nao muda wote huo ukisubiri kisanduku hichohicho: *Mama, rudi taratibu. Mtoto anapumua. Asifiwe ametutoka.*

Humphrey alisema pole. Felista hakuisikia. Alitoka nje, akapanda mwamba ulio nyuma ya nyumba, na kwa mikono yenye damu ya mwanawe kando ya kinywa akaupeleka msiba Matema, kama zamani. Akatega sikio. Hakuna aliyepokea.

Nyuma yake, friji ikaanza tena kunguruma.