Mizigo Miwili ya Klova

"Umeniua, Mama Kindness! Umeniua mimi, umeua ng'ombe, umeua ukoo mzima mpaka wale tuliokwisha kuwazika!"

Ebenezeri alikuwa anapiga kelele mlangoni pa banda. Mkewe Elisifa ndiyo kwanza anatoka ibada ya asubuhi, hata kitabu cha nyimbo hajakiweka chini. Akachungulia. Ng'ombe wao kavimba ubavu wa kushoto, ngoma ya kwaya ina nafuu.

"Nani kamlisha?"

"Maua yako ndiyo yamemlisha!"

Hayo maua ni klova nyekundu, majani ya kulishia ng'ombe. Miaka kumi na tisa Elisifa alishuka tambarare kukata majani ya ng'ombe, akapanda nayo mlimani Mwika kichwani mpaka shingo ikazama mabegani. Mwaka jana bwana mifugo akampa mbegu, akapanda kipande kando ya migomba. Tangu hapo hajashuka tena. Ebenezeri kazi yake ilikuwa kucheka, eti mke wangu anamfanyia ng'ombe harusi. Maziwa yalipoongezeka, huko kwenye pombe ya mbege ikawa "klova yangu".

"Umekata saa ngapi?"

"Ulipoondoka tu."

"Na umande wote ule? Si nakwambia kila siku mbichi inamjaza gesi, inyauke kwanza, uichanganye na majani makavu! Umempa kiasi gani?"

Ebenezeri akaangalia paa la banda. "Kidogo tu. Mizigo miwili."

"Si ndiyo yote hiyo!"

"Na akipona naing'oa na mizizi! Utarudi tambarare kama wanawake wenzako."

Elisifa alimnywesha ng'ombe mafuta ya kula, akamkabidhi mume kamba amtembeze mgombani, kupanda na kushuka. Jirani yao Odilia akachungulia juu ya uzio.

"Shemeji, huyo mtalii wako anapanda mlima kwa njia ipi? Mbona hana mpagazi?"

Mzunguko wa saba, ng'ombe akabeua, gesi ikatoka, ubavu ukaanza kushuka. Mbwa wa kwa Odilia wakabweka.

Ebenezeri akapotelea nyuma ya nyumba, akarudi na jani la isale kalishika kwa mikono miwili, macho chini. Uchagani isale haikataliwi, hata aliyekuchomea nyumba akikuletea unasamehe. Elisifa akalipokea. Halafu akampa mundu na kamba ya kufungia majani.

"Klova itachipua tena baada ya wiki sita," akasema.

"Wiki sita! Mama Kindness, mimi mzee wa kanisa nipite barabarani na majani kichwani? Watu watasemaje?"

Elisifa akachukua kitabu chake cha nyimbo, akaingia ndani akiimba.