Mlango wa Kabati la Mama Mkwe

Saa tatu asubuhi, fundi Taratibu anavuta pazia la maua mekundu katikati ya duka lake na kujificha nyuma yake na spika zake zote.

"Hakuna kuchungulia," anawaonya wateja. "Leo mnanunua kwa masikio. Macho ndiyo yanayowatia watu hasara."

Upande huu wa pazia, kwenye kochi lililobonyea, wameketi mume na mke waliofika wakiwa wamenuniana. Mume anataka sabufa yenye taa zinazocheza na mdundo. Mke anataka kitu ambacho hakitamhamisha sebuleni kwake. Mfuko wao ni mmoja na hauna ubavu wa kuwaridhisha wote wawili.

Taratibu anapiga wimbo uleule mara tatu, kila mara kwa spika tofauti. Mara ya tatu mke anakunjua uso. Mume anatikisa mguu bila kujijua.

"Hiyo!" wanasema karibu pamoja.

Pazia linafunguka. Ni spika mbili za mtumba, mikwaruzo tele, zimeunganishwa na amplifaya ambayo fundi aliifufua mwenyewe. Taa hata moja hakuna. Mume anazitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

"Kaka, masikio yako yameshasema," Taratibu anamwambia. "Usiyakane mbele ya shemeji."

Mke anacheka kwanza. Mume naye anashindwa kujizuia, na biashara inaisha hapo.

Jina hilo la Taratibu alipewa na mtaa, maana ndilo neno analomwambia kila anayegusa kitufe cha sauti. Kazi aliirithi kwa mjomba wake, fundi redio. Siku nzuri anafunga duka akiwa na elfu ishirini mfukoni. Siku mbaya anaondoka na ufunguo tu.

"Mtu mwenye hela kidogo si kwamba hana ladha," anasema huku akifuta vumbi kwenye bisibisi. "Ladha anayo kamili, mfuko ndio haujafika. Mimi nawakutanisha njiani."

Nyumbani kwake, hata hivyo, mpaka majuzi hapakuwa na wa kumkutanisha yeye na mtu yeyote.

Mwaka aliooa, Taratibu alichonga spika mbili za mbao ngumu, kila moja inamfika kifuani. Alizisimamisha sebuleni na hapo zikabaki. Mkewe, anayeshona sare za shule, anamwita Baba Mapacha, ingawa wamejaliwa binti mmoja tu, ambaye sasa ana nyumba yake.

"Si ndio hawa mapacha wenyewe?" anasema mke. "Hawali, hawaugui, hawatumwi dukani. Lakini nafasi wanataka ya watu wazima!"

Mama mkwe alipowatembelea mara ya kwanza, alifurahi kuona binti yake ameolewa na mwanamume mwenye makabati. Akalizunguka la kushoto akitafuta mlango, apange vyombo alivyowaletea. Taratibu, mkwe mpya, kumcheka hakuweza na kumsahihisha aliona haya.

"Mlango bado, mama," akajibu.

Alijichimbia shimo. Miaka ikapita, mama akaujua ukweli, lakini utani hakuuacha. Kila akija, kabla hajakaa, anauliza: "Mlango bado tu, mwanangu?"

Mwaka huu mama huyo alianguka uani akaumia nyonga. Masikio nayo yalikuwa yameanza kumtupa. Kuishi peke yake hakukuwezekana tena. Nyumba ya binti yake ina chumba cha kulala, sebule na kachumba kadogo kalikojaa cherehani na vitambaa. Mama angepewa kachumba. Cherehani ingehamia sebuleni, mahali pa Mapacha.

"Nilimwambia auze," anasimulia mke. "Akanuna. Nikamuuliza, huko dukani kila siku unawavutia watu pazia wakubaliane, sasa wewe nikuvutie shuka?"

Taratibu anainamisha kichwa. "Nilikasirika kama mtoto mdogo, halafu nikaona aibu. Yule mama alinipa mke wakati sina hata kitanda."

Akampigia simu mwenye baa mmoja aliyekuwa akizitamani siku nyingi.

Siku mnunuzi alipofika na gari, mama mkwe alikuwa ameshahamia. Alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya spika ya kulia. Taratibu akaweka wimbo wa zamani ili mgeni aridhike kwamba anachonunua ni kizima.

Mama, ambaye salamu tu ilibidi apigiwe kelele, aliegemeza kiganja kwenye ubao. Besi ikampitia mkononi. Vidole vikaanza kugonga, pole pole, vikiufuata mdundo bila kukosea.

"Kumbe bado wanaimba?" akauliza. "Mimi nilidhani siku hizi watu wameacha."

Mke akajifuta macho kwa kipande cha sare. Taratibu akaghairi kuuza. Mwenye baa akaondoka na gari tupu, na Taratibu anasema mtu huyo hakumlaumu.

Lakini sebule haikupanuka kwa sababu ya machozi. Ilibidi wakae chini wapatane upya, na safari hii mke ndiye aliyekuwa fundi. Spika ya kulia ikahamia kachumbani, kichwani pa kitanda cha mama. Kwenye nyimbo za zamani mwimbaji huwa upande mmoja na magitaa upande mwingine, kwa hiyo Taratibu alichanganya pande zote mbili zitoke kwenye spika hiyo moja.

"Mama asisikilize nusu ya wimbo," anaeleza.

Ile ya kushoto aliing'oa matumbo, akayafunga kwenye blanketi na kuyaweka uvunguni. Ndani akapigilia rafu mbili za nguo na dawa za mama. Ubao wa mbele akautia bawaba, kisha akaingiza kabati kachumbani.

Mama aliufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. Akamtazama mkwe wake.

"Umechelewa, mwanangu," akasema, "lakini umefanya."

Jioni hii cherehani inalia sebuleni na Taratibu anaeleza mpango wake. Matumbo ya spika ni mazima na ubao ameutunza. Ipo siku, anasema, Mapacha watasimama tena pamoja, naye akae katikati awasikilize.

Siku gani? Kutoka kachumbani mama anapaza sauti akitaka wimbo uongezwe.

"Siku ambayo kabati halitakuwa na mwenyewe," anasema kwa sauti ya chini. "Kwa hiyo naomba ichelewe. Ichelewe sana."

Kisha anainuka, anaingia kachumbani na kukizungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho.