Mkono wa Ng'ambo ya Korongo

Mwaka 2021, mvua za mwanzo zilipokuwa zimekwisha kuigusa Njombe, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili na afya isiyo na doa. Sikuwahi kulazwa hospitalini isipokuwa kwa kujifungua. Naanza na hilo ili msomaji aliye kitandani leo, anayeutazama mguu wake na kujiuliza kama bado ni wake, ajue kwamba anayezungumza naye hakuzoea kuugua.

Mume wangu, dereva wa malori maisha yake yote, alifariki tarehe 9 Agosti 2018. Aliniachia binti mmoja, Tumaini. Shamba la alizeti kule bondeni, kwenye nyanda kavu zilizo nyuma ya Makambako. Na pikapu ya kijani iliyochoka lakini isiyokataa kazi. Mimi niliingia darasani nikiwa mtu mzima. Cheti cha kidato cha nne nilikipata mwaka uleule ambao Tumaini alipata chake, na watu walicheka. Baada ya msiba nilijiandikisha katika chuo cha udereva, wakacheka tena. Leseni niliichukua tarehe 14 Mei 2019.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa shemeji yangu Elia, mdogo wake marehemu, naye pia dereva wa malori. "Shemeji," aliniambia mbele ya wageni, "gari si jembe. Nipe funguo nikutunzie." Nilimjibu kwamba mimi situnziwi kitu. Tangu siku hiyo nilimtazama kwa jicho la pembeni, naye alijua kwamba namtazama.

Ijumaa tarehe 3 Desemba alikuja nyumbani jioni. Alikuwa amesikia kwamba kesho yake ninapeleka mbegu shambani. "Nitatangulia na pikipiki," alisema, "niikague njia. Korongo la huko silo la kuchezea wakati huu." Nikamshukuru kwa mdomo. Moyoni nikajiuliza tangu lini Elia amekuwa mkaguzi wa njia zangu, na kwa nini asipande garini nami kama kweli ananihurumia.

Njia yenyewe haistahili kuitwa barabara. Ukiacha lami, unafuata udongo mwekundu. Udongo ukiisha, unafuata nyayo za ng'ombe katikati ya migunga, mawe yakigonga tumbo la gari. Mwisho unashuka kwenye korongo. Ni mto usio na maji kwa sehemu kubwa ya mwaka: kitanda kipana cha mchanga mweupe, laini kama sembe, chenye kingo mbili zilizochongwa na kwato. Marehemu alinifundisha neno moja tu kuhusu mahali hapo: mchangani husimami. Ukishaingia, kanyaga mwendo mmoja mpaka utoke. Ukisita, magurudumu yanajichimbia kaburi.

Jumamosi tarehe 4 nilifika ukingoni kabla ya adhuhuri. Jua lilikuwa linawaka. Juu yangu hapakuwa na wingu hata moja, ingawa nyuma, upande wa kwetu mlimani, mbingu ilikuwa nyeusi. Nilipunguza upepo wa matairi kama ipasavyo. Nikatazama ng'ambo. Elia alikuwa amesimama kando ya pikipiki yake. Aliponiona, aliunyoosha mkono, kiganja kikitazama chini, akawa anaupandisha na kuushusha.

Kila mtu aliyelelewa katika nchi hii anajua maana ya mkono wa namna hiyo. Ndivyo mama anavyomwita mtoto. Ndivyo mwenye duka anavyomwita mteja. Njoo.

Nikaenda.

Nilikuwa katikati ya mchanga niliposikia ngurumo kama ya lori lililopakia. Nikatazama kioo kutafuta lori hilo. Halikuwapo. Kisha nikaona, kwenye kona ya korongo, vijiti na majani makavu vikija vyenyewe, vimesimama kama ukuta, na nyuma yake maji ya rangi ya chai ya maziwa. Ilikuwa mvua ya kwetu mlimani. Ilikuwa imenifuata.

Maji yaliipiga pikapu ubavuni, yakaisukuma hadi kwenye jiwe, ikalala. Kitu kilichokuwa chini ya usukani kiliubana mguu wangu wa kulia. Nilisikia mlio mkavu kama wa muwa unaovunjwa, na kabla ya maumivu nilisikia baridi. Nilipotazama, mfupa wa ugoko ulikuwa nje ya ngozi, mweupe, na damu ilikuwa bado haijajua la kufanya. Maji yalinifika kifuani.

Wafugaji wawili walinifungia kamba ya ng'ombe kwapani, wakanivuta kupitia dirishani. Elia naye aliingia majini. Alivua shati lake, akanifunga nalo mguu. Nilikuwa natetemeka, nimepauka, lakini akili yangu ilikuwa inafanya kazi, nayo iliniambia: amekuja kuhakikisha kama nimekwisha.

"Uliniita," nilimwambia.

"Nyamaza kwanza, shemeji. Damu inatoka."

Sikusahau kwamba hakukanusha.

Hospitalini Njombe waliuosha mguu, wakautia vyuma vilivyotoboa ngozi na kuushika mfupa kwa nje, kama nguzo za uzio. Tumaini aliacha biashara yake ya mboga sokoni Makambako ili awe karibu nami. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya chini. "Mama," aliniambia, "mfupa uliovunjika na kutoka nje umekula mchanga wa mto. Tutapigana nao." Mwezi wa kwanza tulishinda. Mwezi wa pili kidonda kilianza kutoa usaha wa kijani. Homa ilipanda kila jioni. Harufu ilikuwa kali kiasi kwamba wageni walisalimia wakiwa mlangoni, na mimi mwenyewe niligeuza uso ukutani nisijinuse.

Elia alikuja kila Jumapili baada ya ibada. Mkewe alileta uji wa ulezi katika chupa ya chai, na maharage, na mayai ya kuchemsha. Sikugusa. Nilikula kile tu alichopika Tumaini kwa mikono yake, nacho kilikuwa kidogo, kwa sababu siku nyingine alilazimika kurudi sokoni. Dawa nilizihesabu kabla ya kumeza, na nilimtaka muuguzi afungue pakiti mbele yangu. Hata lile shati la Elia, ambalo Tumaini alilifua na kulikunja vizuri, nililitilia shaka. Kwa nini alikuwa na haraka ya kunifunga, kama si kutaka aonekane?

Kitanda cha jirani alilala Bibi Ana, mzee wa Mawengi kule Ludewa, aliyevunjika nyonga kwa kuteleza shambani. Kila nilipousukuma uji wa Elia, yeye aliupokea. Akaunywa wote. Akaomba na mayai.

"Kamwene, Mama Tumaini," alinisalimu Jumapili moja kwa salamu ya kwetu, akijipapasa shavu. "Nitazame. Hiyo sumu yenu imeninenepesha. Mwambie shemeji yako wiki ijayo aongeze sukari kidogo."

"Bibi, wewe hukuwapo korongoni."

"Sikuwapo. Ila nipo hapa, na nakuona unavyokauka. Akutakaye ufe hana haja ya kuja tena. Atakaa kwake angoje, maana kazi unamfanyia mwenyewe."

Wodi nzima ilicheka. Mimi sikucheka.

Jumatatu iliyofuata daktari alikaa pembeni ya kitanda changu, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya. Alinieleza kwamba kipande cha mfupa kimekufa ndani ya mguu, na kwamba lazima kitolewe. Baada ya hapo ama nyama mpya itaota, ama atalazimika kukata chini ya goti. "Na mwili wako ulivyo sasa, mama, hauna cha kuoteshea. Damu yako ni nyepesi mno. Unakula?"

"Nakula ninachokiamini."

"Basi panua imani kidogo," alisema, "au tuandae msumeno." Alisema bila ukali, na kwa sababu hiyo niliogopa.

Nililia siku hiyo, nimejifunika shuka. Nilimfikiria mume wangu aliyeniacha na pikapu, nikajifikiria nikiwa na mguu mmoja, na Elia ameushika usukani, akisema mbele ya wageni kwamba alinionya. Hilo sikukubali. Jumapili chupa ya uji ilipokuja, nilimpa Bibi Ana kikombe cha kwanza, nikangoja. Alikunywa, akajilamba, akafumba macho, akalegeza shingo kana kwamba anakata roho.

"Bibi!"

Akafumbua jicho moja. "Sukari bado haitoshi."

Ndipo nikanywa. Tangu siku hiyo tulikwenda hivyo hivyo, yeye kwanza na mimi baada yake, na mke wa Elia akiona yote. Sikumwamini mtu. Niliuamini uji uliokwisha kunywewa. Mwili wangu haukuuliza tofauti.

Upasuaji ulifanyika tarehe 10 Machi 2022. Niliomba kukiona kipande kilichotolewa. Kilikuwa cha kijivu, chenye matundu, kama ganda la muwa uliotafunwa. Baada ya hapo usaha ulipungua, homa ikashuka, na kidonda, ambacho nilikwisha kuzoea kukiona kama mdomo uliofunguka, kikaanza kuota nyama nyekundu kutoka chini. Muuguzi aliniambia kwamba nyekundu ndiyo rangi ya kuomba. Vyuma viliondolewa Septemba. Nilijifunza kutembea kwa magongo mawili, kisha gongo moja, kisha kwa kushika ukuta. Mguu wa kulia ulipona ukiwa mfupi kidogo, na fundi viatu wa Makambako akaniongezea soli. Bibi Ana alikuwa ametangulia kwenda nyumbani kwake, akitembea kwa gongo na kusema kwamba amekosa uji wa bure.

Mimi nilikuwa bado nina neno moja. Nililipeleka kwenye baraza la usuluhishi la kata: kwamba shemeji yangu aliniita niingie kwenye maji akijua yanakuja, ili abaki na pikapu. Wengine walisema nilipaswa kumshukuru Mungu na kunyamaza. Nilimshukuru Mungu. Kunyamaza sikuagizwa.

Nisemayo kwa wenzangu walio wodini ni haya. Kuleni, hata kama mnaye mtu mnayemshuku. Tafuteni tu namna ya kula. Ulizeni kila dawa jina lake, wala msione aibu. Mkiambiwa mfupa umekufa, msiukumbatie. Na ninyi mnaovuka makorongo, msitazame mbingu iliyo juu yenu peke yake. Tazameni ile ya mlimani, halafu msikilize. Namshukuru daktari yule, namshukuru Tumaini, na wafugaji wale ambao mpaka leo sijui majina yao. Namshukuru Bibi Ana aliyenionjea kikombe baada ya kikombe.

Shauri lilisikilizwa Jumamosi tarehe 24 Juni 2023, kwenye uwanja wa shule, upepo wa kipupwe ukitukata masikio. Mwenyekiti alimuuliza Elia swali moja: "Siku ile mkono wako ulisema nini?"

"Ulisema simama. Nilikwisha kuyasikia maji. Nilipiga kelele, lakini yeye alikuwa na injini."

"Muongo," nilisema. "Niliuona. Uliita."

Mwenyekiti akamwagiza Elia aende hadi kwenye goli la mbali na aufanye mkono kama siku ile. Sisi tulibaki kwenye goli la karibu. Elia alitembea uwanja mzima, akageuka. Akaunyoosha mkono, kiganja chini, akaupandisha na kuushusha.

"Anaita," alisema mjumbe wa kwanza, mkulima.

"Anaita," alisema mjumbe wa pili, mwanamke. "Mimi ningekwenda."

Mjumbe wa tatu alikuwa Mzee Salumu, msafirishaji wa Makambako aliyewahi kufanya kazi na marehemu mume wangu. Alitikisa kichwa. "Hapana, mama. Huyo anasema simama. Sisi barabarani tukikutana na mwenzetu, na nyuma yetu kuna ajali au daraja limekatika, tunamfanyia hivyo hivyo. Tuliza gari, mbele si kwema. Dereva yeyote wa lori angesimama."

"Mimi si wa lori," nilisema. "Alama za kitabuni nazijua zote. Hiyo haimo."

"Haimo," alikubali Mzee Salumu. "Mumeo angalikufundisha, lau angaliishi."

Nilitazama goli la mbali. Mtu aliyesimama pale alikuwa mdogo kama kidole, na mkono wake, nilivyoukazia macho, ulikuwa unaita. Nilipopepesa, ulikuwa unazuia. Nilipopepesa tena, uliita.

Baraza liliamua kwamba nia mbaya haikuthibitika. Kwamba pikapu ni yangu, na Elia hatadai funguo zake tena. Na kwamba tuhuma hiyo isirudiwe mbele ya watu. Nilitia sahihi kwa jina langu kamili. Sahihi nilijifunza ukubwani, nami huiandika polepole.

Elia hakuwa amesikia lolote. Alikuwa bado golini, peke yake kwenye upepo. Alipoona wazee wananyanyuka, aliniinulia mkono tena, kiganja chini, juu na chini, juu na chini.

Sikwenda. Nilisimama mahali pangu, bila gongo, nikamngoja. Ndipo akaja yeye, uwanja mzima, hadi mbele yangu. Akautazama mguu wangu, kisha uso wangu.

"Safari hii umesimama, shemeji."

"Nimesimama," nikamjibu. "Kwa miguu yote miwili."