Maji ya Bi Mdogo

Mume wangu Sostenes ana masikio makali kuliko mtu yeyote hapa Mkiwa. Akiwa ameketi mlangoni anajua beringi ya gurudumu imeanza kulika, na trekta lenyewe liko kule nyuma ya zizi. Watu wanamsifia. Mimi sifa hiyo inanichoma.

Trekta ni dogo, la bustani, la umeme, na ni la zamani. Wamisionari walilileta kulimia mboga zao, wakarudi kwao wakaliacha. Kwa miaka mingi Sostenes ndiye aliyekuwa fundi na dereva wake pale misheni. Misheni ilipopata trekta jipya la dizeli, hili ikampa yeye. Alikuja nalo nyumbani akitabasamu kama bwana harusi, na mabati niliyoahidiwa kwa ajili ya jiko langu yakawa banda lake. Jirani yangu Evodia alilizunguka akalitazama vizuri, akaniambia, "Pole, Mama Cecilia. Umeletewa bi mdogo." Tulicheka, ila mimi nilicheka kidogo.

Sitalisingizia. Linalima vitunguu vyetu, linavuta mbolea, na mafuta halinywi. Lakini jamani, linavyotunzwa! Kila Jumamosi anasugua vichwa vya betri kwa msasa, anavipaka grisi, anakaza nati, anafungua mota kulipuliza vumbi. Halafu anaongea nalo. "Umechoka, mama?" Mimi niliyemzalia watoto wanne sijawahi kuulizwa hivyo.

Na maji. Betri zake zinataka kuongezwa maji, na kisima chetu kina chumvi, na chumvi inaua betri. Kwa hiyo bi mdogo anakunywa maji ya mvua. Sostenes huyakinga kwa beseni katikati ya uwanja, yasiguse hata bati, kisha huyachuja kwa kitambaa cheupe. Mwaka huu mvua ilikatika mapema, na sasa lilikuwa limebaki dumu moja tu, limehifadhiwa chini ya kitanda. Kitanda changu. Sisi wengine tulikunywa chai ya chumvi.

Sasa mimi goti langu linalia. Nikiinua ndoo linalia, nikipiga magoti kanisani linalia, hata Evodia anayekaa benchi la nyuma hulisikia. Jumamosi iliyopita mtoto wetu alikuwa analiendesha trekta nyuma ya zizi, nami nikapita na ndoo mbele ya Sostenes aliyeketi mlangoni, goti likalia. Akainua mkono.

"Simama kwanza, Mama Cecilia. Nasikiliza beringi."

Wanasema mwenye wivu ajinyonge. Mimi sikujinyonga, nilichemsha chai. Nilivuta dumu uvunguni, nikamimina sufuria kubwa, nikatia tangawizi, nikamwita Evodia. Chai ilikuwa tamu, nami niliinywa kwa roho mbaya na kwa raha.

Sostenes alikuja kutafuta maji yake akalikuta dumu karibu na mafiga. Nilimpa kikombe. Akaonja, akaonja tena.

"Haya si ya kisima."

"Si ya kisima."

Evodia alikumbuka ghafla kwamba ana maharage motoni, akaaga.

"Betri zikikauka zinakufa," Sostenes akasema taratibu.

"Beringi umeisikia ukiwa umekaa," nikamwambia. "Goti langu linalia ndani ya nyumba hii. Hilo hulisikii?"

Alizungusha kikombe mkononi.

"La kushoto," akasema. "Tangu Pasaka."

Nilidhani wivu naujua, kumbe nilikuwa bado. Angekuwa hajasikia ningemsamehe. Lakini alikuwa amesikia miezi yote hiyo, na kila Jumamosi aliamka akaenda kumpaka mwenzangu grisi.

"Ukasikia, ukanyamaza."

"Beringi nina spana yake." Alikuwa anaangalia mikono yake. "Goti lako sijui pa kulifungulia. Niliogopa tukienda hospitali watasema limeisha."

Nilimwona ameogopa kweli, na bado nilikuwa na hasira. Alinyoosha mkono akatikisa dumu.

"Yaliyobaki yanatosha betri mbili."

Nikalichukua dumu mkononi mwake, nikamimina yote kwenye sufuria, nikasukuma kuni.

"Jumatatu unanipeleka hospitali."

"Nitakupeleka." Akatazama upande wa banda. "Na lenyewe je?"

"Lisubiri mvua," nikamwambia. "Mimi nimesubiri tangu Pasaka."