Mkono Uliofutwa Ubaoni

Katika kiwanda cha hariri cha mji wa Sheki, beseni namba kumi na saba lilikuwa la Masma. Kabla yake lilikuwa la mama yake. Utaratibu huo hakuna aliyeuandika popote, lakini kila mtu pale aliujua kama anavyojua jina lake: mama akichoka, binti anakalia kigoda chake. Wasichana wa mji ule waliposwa wakitajwa kwa namba za mabeseni ya mama zao, na wala hakuna aliyeona ajabu.

Sasa, kazi yenyewe. Kifukofuko cha kiwavi wa hariri ni uzi mmoja tu, mrefu kupita kilomita, umejiviringisha na kujigandisha kwa gundi yake wenyewe. Ukikichemsha, gundi inalegea. Kisha itafutwe ncha. Ncha hiyo kwa macho huioni, ni nyembamba mno, kwa hiyo mwanamke anatumbukiza vidole kwenye maji ya moto na kupapasa mpaka aiguse. Anatoa, anatumbukiza tena. Mara elfu kwa siku, miaka ishirini, thelathini. Fagio ziliwahi kujaribiwa, wakakorogea maji, zikachana hariri yote ikawa takataka, basi wakarudi kwenye vidole. Vidole havikuwa na wa kuvitetea.

Masma alikuwa na miaka arobaini, na vidole vyake vilishakufa ganzi. Alikuwa akishika glasi ya chai iliyotoka motoni asijue kama ni ya moto. Majira ya kuchipua ya mwaka sabini na sita daktari akamwambia mwisho wake wa kukaa kwenye beseni ni Agosti, baada ya hapo atafute kazi nyingine, maana ngozi ikipasuka tena hataishona mtu. Akampa likizo ya wiki tatu.

Nyumbani alikuwa na Solmaz, binti yake wa pekee, miaka kumi na minane. Msichana alikosa nafasi ya chuo kwa alama mbili, akalia siku moja, akaamka na kutangaza kwamba tarehe mosi Septemba atakaa kwenye namba kumi na saba. Alitangaza kwa furaha, tena. Rafiki zake wote walikuwa kule. Masma aliitazama mikono ya mwanawe ikimenya vitunguu, laini, myepesi. Kumkataza asingeweza, kazi nyingine mjini haikuwepo ya kuokota. Alichotaka ni kimoja tu katika dunia hii nzima: mikono ile isiingie kwenye yale maji. Na hakujua aanzie wapi.

Basi sikiliza jinsi mambo yanavyokwenda. Chama cha wafanyakazi kililetewa agizo kutoka Baku, mji mkuu, kwamba kila kiwanda kitoe watu kumi na wawili kwenye kozi ya uvumbuzi. Wakapatikana wahandisi na mafundi kumi na mmoja. Mmoja akapungua. Karani akapekua daftari la wagonjwa, akaona Masma yuko likizo na hana shughuli, akaandika jina lake, akafunga faili. Hivyo ndivyo mtokosaji wa vifukofuko alivyoingia darasa la wavumbuzi. Shoga yake Sharabani wa beseni la kumi na nane alicheka mpaka akajishika mbavu. Akamwambia, "Mwenzangu, nenda, wakavumbue dawa ya ujinga wakuanzie wewe."

Mwalimu alikuwa mama mmoja wa Baku, Rimma Solomonovna, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza, aliyekuja kwa basi kila Jumamosi mchana akiwa na mkoba uliojaa kadi. Masma alikaa nyuma kabisa, amejifunika shali, akisubiri watajwe wale watu wenye vichwa vilivyobarikiwa ili yeye aombe ruhusa aende zake. Maana alivyojua, uvumbuzi unamshukia mtu. Ama umeshukiwa, ama hukushukiwa, na yeye hakushukiwa, yakaisha.

Rimma Solomonovna hakutaja mtu hata mmoja. Alisema kuwaza kitu kipya ni kazi, na kazi ina hatua, na hatua zinafundishika kama kushona. Ukikwama, hukai ukangoja. Unauliza swali la kwanza. Likigoma, la pili. Akayaandika ubaoni, moja chini ya jingine. Hiki kitu kifanye kikubwa kuliko mji, kinakuwaje? Kifanye kidogo kuliko chozi? Kazi hii ifanyike kwa nukta moja. Haya, ifanyike kwa miaka mia. Kinachotembea kisimame, kilichosimama kitembee. Kazi ijifanye yenyewe bila kuongezewa kitu: nini kilichopo tayari kinaweza kuibeba?

Masma aliyatazama yale maandishi, nywele zikamsimama. Nisiseme uongo, aliogopa kidogo. Ilikuwa kama mtu amekuonyesha kwamba nyumbani mwako, chumba ulichokaa miaka yote, kuna mlango ambao hukuwahi kuuona. Alirudi nyumbani akakaa mezani, akalifanya sufuria kubwa kuliko mji, akalifanya dogo kuliko chozi, Solmaz akamuuliza kama ana homa.

Wiki ya tatu kila mtu alitakiwa aandike shida yake ya kazini. Masma aliandika kwa herufi kubwa za shule ya msingi: "Jinsi ya kuukinga mkono kwenye maji ya moto." Na alikuja na jibu kabisa. Glavu. Alishajaribu za mpira, za ngozi ya kondoo iliyopakwa nta, za hariri yenyewe iliyochovywa mafuta. Zote zilikuwa mbovu, kidole hakihisi ncha. Lakini hakukata tamaa, mwezi mzima wa Mei alishona glavu kama mwendawazimu. Na si yeye tu. Mafundi wa Sheki miaka arobaini walikuwa wakiwaza glavu, kwenye sanduku la mapendekezo la kiwanda karatasi tisa kati ya kumi zilikuwa glavu. Kazi yenyewe pale iliitwa kazi ya mkono. Nani angewaza kitu kingine?

Rimma Solomonovna aliiandika ile sentensi ubaoni. Kwenye darasa lake kulikuwa na sheria moja kali: majina ya kazini ni marufuku, kila kitu kinaitwa dude, kwa sababu jina la zamani linakurudisha kwenye njia ya zamani. Akafuta "maji", akaweka dude. Kisha akachukua kitambaa akaufuta "mkono", mahali pake hakuandika kitu.

"Mwalimu, umesahau dude la pale," Masma alisema.

"Sikusahau. Nani kakwambia lazima pawe na kitu hapo?"

Masma alitazama ile nafasi tupu. Maisha yake yote na ya mama yake yalikuwa pale, kwenye ile nafasi, na mwanamke huyu ameyafuta kwa kitambaa. Alitaka kukasirika. Hasira ikakataa kuja.

"Basi kinachotakiwa ni nini?" akauliza mwalimu. "Sema bila mkono."

"Ncha... ncha itoke majini."

"Yenyewe?"

"Yenyewe," Masma akajibu, na jambo hilo hakuwahi kulisema wala kulisikia.

Akaambiwa apande maswali ya ubaoni moja moja, kama ngazi. Beseni liwe dogo kuliko chozi: halikumpa kitu. Kazi ichukue miaka mia: gundi ingelegea yenyewe kwa maji baridi, vizuri, lakini nani wa kungoja? Beseni liwe kubwa kuliko mji. Akafumba macho, akaliona kubwa kama Bahari ya Kaspi, vifukofuko vinaelea hadi upeo wa macho. Ungetafutaje ncha baharini? Usingetafuta. Mtu haufuati ukuni katikati ya bahari, anakaa ufukweni, mawimbi yanamletea. Akafumbua macho. Swali lililofuata kwenye orodha lilikuwa lile la kilichosimama na kinachotembea. Ufagio ulitembea, maji yalisimama, hariri ikachanika. Ufagio usimame, basi. Maji yatembee. Polepole, yapitishe vifukofuko mbele ya ufagio uliosimama ukingoni, na zile ncha zinazoning'inia zijinase zenyewe kwenye vijiti vyake. Na nini kitayatembeza maji bila kuongeza kitu? Ndani ya kila beseni kulikuwa na bomba la mvuke la kuchemshia, mdomo wake umeelekea chini tangu siku kiwanda kilipojengwa.

"Ligeuzwe pembeni," Masma alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Bomba. Ligeuzwe pembeni tu."

Mhandisi mkuu wa kiwanda alikuwa amekaa mstari wa mbele. Aligeuka akamtazama, akavua miwani, akakaa nayo mkononi. Masma hakumwona. Hakuota, hakuomba, hakushukiwa na chochote. Alipanda orodha swali kwa swali, yeye, Masma wa darasa la saba, na kitu ambacho hakikuwepo duniani asubuhi sasa kilikuwepo. Akamtukuza Mungu kimoyomoyo, ingawa kwenye ukumbi ule mambo hayo hayakutajwa.

Lakini wazo ni wazo, na kiwanda ni kiwanda. Pendekezo lilitakiwa liende na mchoro na mihuri mitatu hadi kamati ya Baku, jibu lingekuja mwaka mpya. Julai ikapita, Agosti ikaanza kuisha. Solmaz alishashona aproni. Siku mbili kabla ya tarehe mosi Masma akamfuata msimamizi wa ukumbi, Agalar, akamwomba bomba la beseni moja tu ligeuzwe. Agalar hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa mihuri. Akamweleza kwa upole kwamba bomba la mvuke si kijiko, anayeligusa bila karatasi anafukuzwa kazi, na Solmaz ni msichana hodari, atazoea kama walivyozoea wengine.

Masma akamsikiliza mpaka mwisho. "Agalar," akasema, "marehemu mama yako alikaa namba thelathini na nne. Ulipokuwa mtoto unaumwa, alikuwa akikugusa kwa kiungo gani, kujua kama una homa?"

Agalar alikunja karatasi aliyoshika, akaikunjua.

"Kwa shavu," akasema. "Vidole vyake havikuwa vinajua."

Kisha akavua koti, akalitundika kwenye msumari, akaenda stoo kuleta spana. Alifunga mvuke wa mstari mzima, akalegeza, akageuza, akakaza, akaufungua tena mvuke, jasho likimchuruzika mpaka kwenye kola. Masma akausimika ufagio wa mtama ukingoni, akaufunga kwa kamba.

Mara ya kwanza ikawa balaa. Maji yalizunguka kwa kishindo, vifukofuko vikagongana, nyuzi zikajisokota zikawa fundo kubwa kama kichwa cha mtoto. Sharabani akasema kwamba mwenzake amevumbua mashine ya kufulia. Wanawake wakaangua kicheko, na Agalar akawa mweupe, akiitazama spana mkononi kama ushahidi. Masma aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini kichwa chake, bila kuombwa, kilishaanza kupanda maswali: fanya mwendo uwe mkubwa kuliko wote, fanya uwe karibu na sufuri. Akanyoosha mkono, akakaza valvu mpaka mvuke ukabaki pumzi tu. Akamwaga vifukofuko vipya.

Maji yakaanza kutembea, kwa adabu, hata povu halikuwepo. Vifukofuko vikapita mbele ya ufagio mzunguko mmoja, wa pili. Wa tatu, kwenye kijiti kimoja, juu ya maji, pakang'aa kitu. Halafu kijiti kingine. Halafu ufagio wote ukajaa ncha, nyembamba, zinametameta, zimekuja zenyewe kutoka majini bila mtu kuziita. Kicheko kilikufa. Wanawake waliacha mabeseni yao wakaja kusimama pale. Sharabani alitoa mkono wake kwenye aproni, akautazama kiganja na mgongo, akaurudisha, machozi yakamtoka bila kelele. Bomba lile lilikuwepo siku zote. Mbele ya macho yao, na mbele ya macho ya mama zao, inchi chache tu kutoka kwenye vidole vilivyokuwa vikiungua. Masma alisikia furaha na uchungu vikimjia pamoja, asijue alie kwa kipi kwanza.

Tarehe mosi Septemba Solmaz alikalia kigoda cha namba kumi na saba. Alishinda siku nzima akichukua ncha kwenye ufagio na kuzipeleka kwenye gurudumu la kusokotea. Masma alimngoja nyumbani, amepika piti, mchuzi wa kondoo na dengu, ameweka mkate wa tanuri mezani, hawezi kukaa, hawezi kusimama. Jioni mlango ukagongwa. Msichana akaingia, akatupa begi, akajibwaga kwenye kiti, akamega mkate uliokuwa bado unatoa moshi, akaanza kununa.

"Mama, kazi yenu hiyo! Kusimama na kukaa, kusimama na kukaa. Miguu inaniuma, sina hamu."

Masma alishika ukingo wa meza. Bibi yake Solmaz alirudi kutoka kule miaka thelathini, yeye mwenyewe miaka ishirini na mbili, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kuingia kwenye nyumba ile akikumbuka kwamba ana miguu.

"Vua viatu, mwanangu," akasema. Akapiga magoti sakafuni amvue yeye mwenyewe.